Nyongo ya Mbuzi na Sukari ya Dada Yangu

Haya niliyaongea Jumamosi kwenye mkutano wa kikundi chetu cha watu wa kisukari na presha, ukumbini pale Majengo, Moshi. Wengi mvua iliwazuia mkaniomba niyaandike, basi nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, na maswali nimeyaacha humohumo. Nimetaipu kwa simu dukani katikati ya wateja, mnivumilie.

Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu, vijana mambo vipi. Mwenyekiti alinipa dakika arobaini ila salamu na matangazo yameshakula kumi, kwa iyo ntaenda mbiombio, nikizidisha mnivute koti.

Naomba nianzie kijijini, Kibosho, siku moja kabla ya Krismasi, mi nna miaka kama tisa. Mbuzi ananing'inia kwenye mparachichi, babu ndo fundi, sisi wajukuu kazi yetu kushika beseni na kufukuza mbwa. Babu yangu alikuwa mtu wa stori, anachuna huku anachekesha, hanyamazi, isipokuwa dakika moja tu, akifika kwenye ini. Hapo anakata maneno. Anaweka lile lisu kubwa chini, anaomba kile kisu kidogo, anashika ini kwa mkono wa kushoto analigeuza taratibu, na pale chini kuna kile kifuko cha kijani mnachokijua, kimejaa, kinang'aa, ukikitazama unaona kabisa kinasubiri kupasuka. Anakikata pamoja na kipande cha ini, yani yuko radhi ini lipungue kuliko kisu kikiguse, halafu anakibeba kwa vidole viwili mpaka kwenye migomba anakitupa mbali. Akirudi ndo stori inaendelea pale pale ilipoishia. Sasa mwaka mmoja babu anaumwa mgongo, baba mdogo akajifanya na yeye anajua, kisu kikateleza, puu, ini lote kijani mpaka na kinofu cha ubavuni. Tuliosha na maji ndoo tatu. Likaenda kwa mbwa, na mbwa mwenyewe alilinusa kwanza akatutazama.

Kwa iyo mi nimekua najua nyongo ni uchafu, ni kitu cha kutupa migombani. Na lugha yetu inasema hivohivo, mtu akisema maneno makali tunasema katema nyongo, adui tunamwita nyongo mkalia ini. Baadae nikasoma mambo ya dawa, chuoni wakanisogeza kidogo tu, wakaniambia nyongo ni sabuni, ini linaitengeneza, inamwagikia chakula, inayeyusha mafuta kama sabuni inavyoyeyusha mafuta ya sufuria, imeisha hiyo, fungua ukurasa mwingine. Nikatoka hapo nikakaa nyuma ya kaunta miaka kumi na kitu nauza metformini na insulini, dawa za kisukari, nikiamini nyongo ni sabuni tu.

Kilichonigeuza ni dada yangu. Yupo kule nyuma, kanipa ruhusa niongee, kasema niongee yote isipokuwa umri, kwa iyo umri sisemi. Uzito alisema ntaje. Alifika kilo 131, anachoma insulini mara mbili kwa siku, magoti hayamtaki, ngazi za kanisani anapanda kwa awamu. Na jamani naomba nisisitize hili, sio kwamba alikuwa hajajaribu. Dada yangu katembea asubuhi mpaka Rau na kurudi, kanywa maji ya ndimu, kanywa zile dawa za unga za watu wa biashara ya mnyororo wanaokupigia simu kila siku, kafunga, kaacha wali, kaacha hadi mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye harusi ya mtoto wake mwenyewe. Anapunguza kilo nane, zinarudi kumi na moja. Na kila zikirudi kuna shangazi wa kumwambia kwenye kikao cha ukoo, we si uache tu kula. Kama kuna mtu hapa ameshaambiwa ivo anajua nnaongelea nini.

Akaenda kufanyiwa operesheni nje ya nchi, ile inayoitwa bypasi. Siku ya nne baada ya operesheni ananipigia video, yuko kitandani, anasema we mtoto, mashine yao ya sukari mbovu, inasoma 6.1. Hiyo 6.1 ni karibu na ya mtu asiye na kisukari. Na hapo insulini washamsimamisha tangu juzi yake. Mimi nikamwambia ndio, mbovu, waambie walete nyingine. Wakaleta nyingine, ikasoma vilevile. Uzito hapo kapungua kilo tatu tu, yani bado ni dada yangu yuleyule wa kilo mia na ishirini na nane, ila sukari imekaa kimya kama mtoto aliyepigiwa kelele. Usiku ule sikulala, nikaanza kusoma.

Nikakuta sio habari mpya hata kidogo. Hii operesheni ilianzia Marekani kwa daktari anaitwa Edward Mason, chuo kikuu cha Iowa, miaka ya 1960, lengo lao lilikuwa uzito, basi. Mwaka 1995 mpasuaji mwingine, Walter Pories wa North Carolina, akatoa hesabu za wagonjwa wake 608 aliowafuatilia miaka kumi na minne. Kati yao 146 walikuwa na kisukari cha ukubwani, na 121 sukari yao ilirudi kawaida ikakaa. Hiyo ni kama asilimia 83. Na mwenyewe aliandika kwa mshangao, maana wengi sukari ilishuka ndani ya siku chache, kabla nguo hazijaanza kupwaya. Ndo kile alichokiona dada yangu.

Sasa mzee wangu hapa mbele anatikisa kichwa, najua anawaza nini, anawaza si alikuwa hali kitu wewe, mtu asipokula siku nne sukari itatoka wapi. Mzee wangu uko sahihi, na ntarudi kwako, niwekee hiyo hoja pembeni usiniachie.

Tuje kwenye nyongo. Ini linachukua kolestro, hiyohiyo tunayoiogopa, linaigeuza kuwa kitu kinaitwa asidi za nyongo. Zinakaa kwenye kile kifuko cha babu, ukila zinamwagwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, zinasafiri na chakula mpaka mwisho kabisa wa utumbo mwembamba, na pale mwisho mwili unazinyonya tena karibu zote, asilimia 95, zinarudishwa kwenye ini kwa mshipa wa damu, zinamwagwa tena. Mwili mzima una kama gramu tatu tu za hizi asidi, nusu kijiko cha chai hivi, na zinazunguka mara nyingi kwa siku, mara sita, mara nane, inategemea unakula mara ngapi. Zinazopotea chooni ni kama nusu gramu kwa siku, ini linatengeneza nyingine kufidia. Mimi niliposoma hapo ndo nikajiuliza, kama ni sabuni tu, mbona mwili unaitunza hivi? Sabuni gani unaosha nayo sufuria halafu unaikusanya kwenye maji machafu unarudi nayo jikoni mara nane kwa siku?

Jibu likapatikana mwaka 1999. Timu tatu tofauti za watafiti, mwaka mmoja, zikaonyesha kwamba ndani ya seli za ini na utumbo kuna kitu kinaisikia nyongo. Kinaitwa FXR. Mi nakiita sikio. Nyongo ikifika mwisho wa utumbo inagonga hilo sikio, utumbo unatuma ujumbe kwa ini kwamba zimefika, punguza kutengeneza, na katika ujumbe huohuo kuna maelekezo ya sukari na mafuta. Mwaka 2002 Wajapani wakaonyesha sikio la pili, hili liko nje kwenye ukuta wa seli, linaitwa TGR5. Hilo la pili nyongo ikiligonga kule chini ya utumbo, zile seli zinamwaga homoni inaitwa GLP-1. Na GLP-1 mnaijua hata kama hamjui mnaijua, maana zile sindano za kupunguza uzito ambazo mtandaoni zimejaa, Ozempic na wenzake, ni GLP-1 ya kutengenezwa. Inaambia kongosho toa insulini, inaambia tumbo usiwe na haraka ya kumwaga chakula, inaambia ubongo umeshiba bwana weka kijiko chini.

Kwa iyo ile sabuni ina mdomo. Inabeba habari kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kurudi kwa ini.

Operesheni inafanyaje hapo? Nimetafuta mfano mpaka nikaupata kwetu. Wote mnaujua mfongo, ule mfereji wa maji wa kwetu Uchagani. Maji yanatoka juu msituni yanashuka kihamba kwa kihamba, yani shamba la nyumbani moja hadi lingine, kila mtu na zamu yake. Na mnajua ukikaa chini kabisa ya mfongo unapata nini, unapata maji yaliyopita kwa watu wote, yana tope, yana majani, yana kila kitu, mengine hayafiki kabisa. Sasa chukua nyongo ndo maji, chakula ndo tope. Kwa mtu wa kawaida vinashuka pamoja vimechanganyika tangu juu. Kwenye bypasi daktari anakata tumbo anabakiza kijifuko kadogo kama yai la kuku, halafu utumbo anaukata anaushusha, chakula kinapita njia yake, nyongo na maji ya kongosho vinapita njia yao, vinakuja kukutana chini huko, kama barabara mbili zinavyokutana pale Njia Panda ya Himo. Umbo lake ni Y kabisa. Maana yake nini? Maana yake kile kipande cha juu nyongo inapita peke yake haijachanganywa na ugali, maji safi yanashuka mfongoni bila tope, na yule wa kihamba cha chini kwa mara ya kwanza maishani mwake anapata maji meupe. Masikio yapo kule chini. Yanagongwa kweli kweli.

Na sio kwamba nabuni. Mwaka 2009 walipima damu ya watu waliofanyiwa bypasi wakalinganisha na watu wa uzito kama wao ambao hawajafanyiwa, asidi za nyongo kwenye damu ya wale wa operesheni zilikuwa zaidi ya mara mbili.

Kuna operesheni nyingine, hii hawagusi utumbo, wanakata tumbo kwa urefu wanaondoa robo tatu na zaidi, linabaki jembamba kama ndizi mshare moja. Wote tulidhani hiyo kazi yake ni kubana tu, ukila kidogo unajaa, imeisha. Kumbe na hiyo asidi za nyongo zinapanda! Na mwaka 2014 watafiti wa Marekani na Sweden wakafanya kitu ambacho mi nakiona ni cha akili sana, walichukua panya ambao wamezaliwa hawana lile sikio la FXR, wakawafanyia operesheni ya mshare. Tumbo limekuwa dogo vilevile kama la panya wengine. Lakini faida ikapotea kwa kiasi kikubwa, uzito na sukari havikukaa sawa kama kwa wenzao wenye sikio. Tumbo dogo, sikio hakuna, kazi haifanyiki. Mwaka uliofuata wengine wakafanya kinyume, panya tumbo hawajamgusa kabisa, wakachukua tu nyongo kutoka kwenye kifuko wakaiunganisha moja kwa moja kule chini ya utumbo. Wakapungua uzito na sukari ikakaa vizuri. Hawajakata tumbo hata nywele!

Ndo maana mi huwa sipendi ile lugha ya kukatwa tumbo. Mtaani wanasema kakatwa tumbo ili asile. Na ndo maana pia msichanganye na lile puto wanaloweka hospitali ya Mloganzila, puto ni jambo lingine, linakaa ndani ya tumbo kwa muda linakushibisha halafu linatolewa, njia ya nyongo haijaguswa.

Haya mzee wangu, narudi kwako. Uliwaza si alikuwa hali. Nikwambie ukweli, mi baada ya kusoma hayo ya panya nilikuwa naenda kumwambia kila mteja nyongo nyongo nyongo, hadi mke wangu akaniambia nimeanza kunuka. Halafu nikakuta utafiti wa 2020, wa binadamu sio panya. Watu 22 wenye kisukari na unene, nusu wakafanyiwa bypasi, nusu wakapewa mlo wa kupunguza, ila wakahakikisha makundi yote yanapungua sawa, asilimia kama 18 ya uzito. Wakapima kila kitu, insulini inafanyaje kazi, ini, mafuta, sukari ya saa ishirini na nne. Matokeo yakawa sawa. Walioacha kula na walioguswa utumbo, sawa. Nilinyong'onyea siku hiyo, sitaki kuwaficha. Na kuna kingine, kwa binadamu asidi za nyongo kwenye damu mara nyingi zinapanda polepole, miezi, wakati sukari inashuka siku ya nne. Kwa iyo ile 6.1 ya dada yangu sehemu kubwa ni njaa, mzee wangu umeshinda hapo, nakupa mkono.

Ila nikamuuliza dada yangu swali moja. Nikamwambia we umeshawahi kupunguza kilo nane mara tano, na sasa hivi umepungua arobaini, tofauti iko wapi? Akanijibu kitu sijakisoma kwenye karatasi yoyote. Akasema zamani nikipita soko la Mbuyuni ndizi za kukaanga zinaniita kwa jina. Naweza nisinunue, ila nimeshindana nazo, nikifika nyumbani nimechoka kama nimebeba mzigo, na keshokutwa zinaniita tena. Sasa hivi napita, ni ndizi tu. Zimenyamaza.

Mnaelewa eeh? Kwenye ule utafiti wale wa mlo walifikishwa kwenye asilimia 18 kwa kusimamiwa, chakula wanapewa, wanapimwa. Ukirudi nyumbani nani anakusimamia? Mwili ukipungua kwa mlo unaongeza njaa, unabana matumizi, unakupigania urudi ulikotoka, hiyo inajulikana. Mi ninavyoona, na haya ni maoni ya muuza dawa, nyongo na zile homoni haziponyi sukari kimazingaombwe, zinachofanya ni kunyamazisha ule ugomvi ili upungue na ubaki umepungua. Ni kipande cha stori, sio stori nzima, kuna bakteria wa tumboni nao wanaibadilisha nyongo kuwa aina nyingine, kuna homoni nyingine, mambo mengi. Ila mtu akikuambia ni ulafi tu, mwambie hata panya asiye na sikio la FXR alikatwa tumbo na bado hakupona.

Sasa sehemu ambayo ndo imenifanya nikubali kuja kuongea leo. Miezi mitatu imepita, mama mmoja kaja dukani na chupa ya soda ya plastiki, ile ndogo, ndani kuna kitu cha kijani cheusi kinavutika, juu kuna povu la njano. Kafungua kifuniko nikaisikia ile harufu, nikarudi Kibosho chini ya mparachichi. Nyongo ya mbuzi na asali. Kauziwa na mtu, simtaji, kaambiwa kijiko asubuhi kijiko jioni, itamaliza kisukari, na kaambiwa aache vidonge ili dawa zisipigane. Nikampima pale pale, sukari 17, iko juu sana. Na anatabasamu, anasema naona imeanza kufanya kazi, chungu hivi lazima inaponya.

Jamani. Hiyo stori yote niliyosema ni nyongo yako mwenyewe, kiasi chake, mahali pake. Ukinywa ya mbuzi haijui barabara ya kwenda kwenye hilo sikio kwa kipimo kinachotakiwa, inakuletea kuharisha, na inakuja na wadudu wa machinjioni. Huko Asia kuna watu wamemeza nyongo za samaki fulani kama dawa, figo zikafeli kabisa. Na usiache dawa zako, narudia, usiache dawa zako. Yule mama nilimwambia arudi kwa daktari wake, chupa akaniachia, nimeitupa migombani kama babu.

Kuna kijana ameniuliza hapo nje kuhusu nyongo ya mamba, kwamba ukiwekewa kwenye pombe unakufa saa hiyohiyo. Sio mada lakini nijibu kidogo. Januari 2015 kule Msumbiji, mkoa wa Tete, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani, na watu wote wakasema nyongo ya mamba. Maabara zilipochunguza wakakuta ni sumu ya bakteria iliyoota kwenye unga wa mahindi uliotumika. Mamba wa watu kasingiziwa. Tuendelee.

Kwa wanaofikiria operesheni, zamani vigezo vilivyotumika tangu 1991 vilikuwa kipimo cha uzito kwa urefu, BMI, kifike 40, au 35 ukiwa na ugonjwa. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa unene vikashusha, 35 hata kama huna ugonjwa, na ukiwa na kisukari inaanza kufikiriwa kuanzia 30. Hiyo haimaanishi kila mtu aende, na haimaanishi ukimaliza umemaliza. Dada yangu anakula kikombe cha kahawa. Sisemi kunywa, nasema kula, chakula chake cha mchana kinaingia kwenye kikombe cha kahawa. Vitamini B12, chuma, kalisiamu, vitamini D, hizo ni za maisha yake yote, akiacha miguu inaanza kuchoma na damu inapungua, mwaka jana aliacha miezi kadhaa kwa ubishi na ilimpata. Kuna harusi moja pale Shanty Town akasahau akanywa soda nzima kwa kiu, dakika kumi jasho linamtoka, moyo unaenda mbio, tukamlaza kwenye gari vioo wazi, maana sukari yote iliteremka utumboni kwa mpigo hakuna tumbo la kuizuia.

Na nyongo inarudi tena hapa kwa mlango wa nyuma. Ukipungua haraka, kwa operesheni au kwa njaa, kolestro inajaa kwenye nyongo na inaganda kuwa mawe. Kwa iyo wengi wanapewa kidonge kwa miezi sita kuzuia, na hicho kidonge chenyewe ni asidi ya nyongo! Jina lake asidi ursodioksikoliki, hiyo urso inatokana na ursus, yani dubu kwa Kilatini, maana ilianza kujulikana kwenye nyongo ya dubu, Wachina walikuwa wanatumia zamani sana. Siku hizi inatengenezwa kiwandani na mara nyingi wanaanzia nyongo ya ng'ombe. Mi kila nikipita machinjioni naangalia vile vifuko vinavyotupwa natingisha kichwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali mawili.

Mzee mmoja mstaafu wa hospitali ya KCMC akauliza, na sisi tuliotolewa kifuko cha nyongo tunaishije?

Mnaishi vizuri tu mzee wangu. Kifuko ni tenki, kisima ni ini. Likitolewa tenki nyongo inachuruzika muda wote badala ya kumwagika wakati wa kula. Wengine wanapata kuharisha, hasa baada ya mlo wa mafuta, kwa sababu nyongo nyingi inapitiliza mpaka utumbo mpana na kule inachokoza. Watu wanaishi na hiyo miaka wanadhani ni amiba, wanameza flajili kila mwezi. Ipo dawa ya unga inayokamata nyongo, mwambie daktari wako ana kwa ana, usione aibu kuongelea choo. Na hizi dawa za kukamata nyongo zina kituko chao, zilitengenezwa za kolestro, maana nyongo ikitolewa chooni ini inabidi lichukue kolestro kutengeneza nyingine, halafu wakaona na sukari inashuka kidogo, na moja yao, kolesevelamu, Marekani waliiruhusu kwa kisukari mwaka 2008.

Mama mmoja akauliza, mwanangu, sisi ambao hatuna hela ya operesheni na sindano, hiyo nyongo tunaisaidiaje?

Mama, nyuzinyuzi. Maharage, kunde, uji wa shayiri, hizi nyuzi laini zinaishika nyongo kidogo zinatoka nayo, ni ile kazi ya dawa ila kwa upole. Kiburu cha bibi zenu, ndizi na maharage, kilikuwa sio kijinga, ila ndizi zipungue maharage yaongezeke, na magadi kidogo tu kwa wale wa presha. Haitakuondolea sukari, itakusaidia. Dawa unaendelea nazo. Na kutembea.

Aika mbe, asanteni. Mashine ya kupima nimekuja nayo na vipimo vipo vya watu hamsini, foleni ianzie mlangoni, wazee kwanza. Mtori umeshaiva, dada yangu ndo anapakua, kile kikombe cha kahawa chenye maua mekundu pembeni ya sufuria ni cha kwake, msimwongezee.